Seti ya pGLO ya Kugeuza Bakteria: Tathmini ya Mwalimu wa Biolojia wa Nairobi

Seti ya pGLO, inayotengenezwa na kampuni ya Bio-Rad ya Marekani, ni mojawapo ya vifaa vichache vya kufundishia vinavyomwezesha mwanafunzi wa shule ya upili kuona kwa macho yake mwenyewe kwamba DNA ikiingia ndani ya bakteria huweza kumbadilisha. Nimeitumia na madarasa yangu hapa Nairobi, na kwa kuwa walimu wenzangu wa biolojia wamekuwa wakiniuliza kama inastahili kununuliwa kwa fedha za idara, ambazo sote tunajua zilivyo haba, nimeona niandike tathmini kamili badala ya kumjibu kila mmoja kwa simu. Jibu langu ni kwamba inastahili, lakini kwa sharti ambalo mwongozo wake hausisitizi vya kutosha: bakteria aliyemo kwenye seti hii hachukui DNA kwa hiari yake. Analazimishwa. Bakteria wanaochukua DNA wenyewe kutoka katika mazingira yao, ambao baadhi yao ndio wanaotusumbua wodini na ndio walioiwezesha dunia kujua kwamba urithi umebebwa na DNA, hufanya hivyo kwa njia tofauti kabisa, na mwanafunzi asipoelezwa tofauti hiyo atatoka maabarani na picha yenye kasoro.

Nianze na sanduku lenyewe. Ndani yake mna vitu vya kutosha makundi manane: bakteria wa aina ya E. coli HB101 waliokaushwa kwa kugandishwa, plasmidi ya pGLO (duara dogo la DNA) iliyokaushwa vivyo hivyo, ampisilini ambayo ni dawa ya kuua bakteria, sukari ya arabinosi, unga wa agari, yaani jeli ya kuoteshea bakteria, wa kutengeneza nusu lita, mchuzi wa virutubishi, myeyusho wa kalsiamu kloridi, na vifaa vya plastiki, yaani sahani za petri 40, pipeti, vitanzi vya kuchotea na vichupa vidogo vya rangi mbalimbali. Kukaushwa kwa bakteria na plasmidi ndiko kunakoiwezesha seti kuvumilia safari ndefu, jambo ambalo kwetu si dogo. Idadi ya sahani, kwa upande mwingine, imebanwa mno. Kila kundi linahitaji sahani nne za jaribio na moja ya kuoteshea bakteria wa kuanzia, na makundi manane mara tano ni 40 kamili, kwa hiyo sahani moja ikidondoka au ikiota kuvu kabla ya siku ya kazi, kuna kundi litakalokosa. Sahani za ziada hupatikana kwa urahisi katika maduka ya vifaa vya maabara mjini, na ningemshauri kila mwalimu awe nazo karibu.

Plasmidi ndiyo moyo wa seti, na imebuniwa kwa ustadi mkubwa. Ni duara la DNA lenye jozi za besi 5,371, na limebeba jeni tatu ambazo mwanafunzi anapaswa kuzijua. Ya kwanza hutengeneza kimeng'enya kinachoitwa beta-laktamasi, ambacho huivunja ampisilini. Ya pili ilitokana na yavuyavu wa baharini, Aequorea victoria, na hutengeneza protini inayong'aa kijani chini ya mwanga wa urujuanimno. Ni protini ile ile iliyowapatia Osamu Shimomura, Martin Chalfie na Roger Tsien Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 2008. Ya tatu ni ya kudhibiti: huizuia jeni ya kung'aa isisomwe mpaka arabinosi ipatikane kwenye chakula cha bakteria. Kwa mpangilio huo, jaribio moja hufundisha mambo mawili ambayo vitabu vyetu huyatenganisha kwa sura kadhaa, yaani kwamba jeni huweza kuhamishwa, na kwamba kuwa na jeni si sawa na kuitumia.

Utaratibu wa kazi ni mfupi, na wanafunzi huushika upesi. Mwanafunzi huchota koloni moja, yaani kishada cha bakteria kilichoota kwenye sahani, na kulikoroga ndani ya maikrolita 250 za kalsiamu kloridi iliyopozwa. Kisha huchovya kitanzi kwenye myeyusho wa plasmidi, na hapa huwasimamisha wote nikawataka watazame kwa makini: kitanzi kikiinuliwa huwa kimeshika utando mwembamba kama wa povu la sabuni, na utando huo usipoonekana, hakuna DNA iliyochotwa na kazi yote inayofuata itakuwa bure. Vichupa hukaa kwenye barafu kwa dakika 10, huhamishiwa kwenye maji ya sentigredi 42 kwa sekunde 50, kisha hurudishwa kwenye barafu kwa dakika 2. Baada ya hapo huongezwa mchuzi wa virutubishi, na bakteria huachwa watulie kwa dakika 10 ili walioipata plasmidi wawe na nafasi ya kutengeneza beta-laktamasi kabla ya kukutana na dawa. Mwisho kabisa, maikrolita 100 hupakwa kwenye kila sahani na sahani huwekwa kwenye joto la sentigredi 37 hadi siku inayofuata.

Katika hatua zote hizo, inayoamua matokeo ni kuhama kutoka barafu kwenda maji ya moto. Mshtuko lazima uwe wa ghafla. Beseni la maji likiwa upande mmoja wa maabara na barafu upande mwingine, vichupa hupata joto njiani na makoloni hupungua. Mimi huviweka viwili hivyo bega kwa bega juu ya meza moja, na kila kundi huhesabu sekunde zake kwa sauti.

Mwongozo umeandikwa kwa ajili ya maabara yenye mashine ya barafu, hodhi la maji linalojidhibiti joto na inkubeta, yaani kabati la joto la kuoteshea bakteria. Shule nyingi za hapa hazina hata kimoja kati ya hivyo, na inafaa mwalimu ajue kwamba vyote vina mbadala. Barafu iliyopondwa hupatikana kwa wauza samaki wa City Market, na ikitiwa kwenye kikasha cha kuhifadhia baridi pamoja na maji kidogo ili iguse vichupa pande zote, hudumu somo zima. Maji ya sentigredi 42 hupatikana kwa kuchanganya ya birika na ya bomba ndani ya chombo kinachohifadhi joto, mradi kuna kipimajoto cha kuaminika. Kupita kiwango hicho kwa digrii chache huua bakteria wengi. Kwa taa ya urujuanimno sikuona haja ya kuagiza ya maabara, kwa sababu zile taa ndogo ambazo wenye maduka hukagulia noti bandia, zinazouzwa Luthuli Avenue, huiwasha protini ya kijani vizuri kabisa chumba kikiwa na giza, ingawa wanafunzi ni lazima waonywe wasizitazame moja kwa moja. Inkubeta ndiyo ngumu zaidi. Sanduku lenye balbu hufaa umeme usipokatika usiku. Sahani zikiachwa kwenye joto la chumba, makoloni bado huota, lakini huchukua siku mbili au tatu, na katika Julai ya Nairobi huchelewa zaidi ya hapo. Mwezi huo huo wa baridi, ile hatua ya dakika 10 ya kutulia haifai kufanyika juu ya meza iliyo karibu na dirisha.

Jambo moja la maandalizi ambalo walimu wapya hulisahau: ampisilini huharibiwa na joto, kwa hiyo hutiwa kwenye agari ikiwa imepoa kiasi cha kushikika kwa mkono, kamwe si ikiwa inachemka. Agari iliyotiwa dawa ikiwa bado moto sana hutoa sahani ambazo bakteria wote huota juu yake, waliopata plasmidi na waliokosa, na jaribio hupoteza maana.

Matokeo yanapokuja, thamani ya seti hujidhihirisha. Bakteria wasiopewa plasmidi huota wakafunika sahani isiyo na dawa, na kwenye sahani yenye ampisilini hapaoti kitu. Waliopewa plasmidi huota kwenye ampisilini kama makoloni yaliyotawanyika, meupe. Na kwenye sahani yenye ampisilini pamoja na arabinosi, makoloni hayo hung'aa kijani taa inapowashwa. Kila mara kuna mwanafunzi anayeuliza, "Mwalimu, mbona hawa wameota lakini hawawaki?" Swali hilo ndilo ninaloliwinda tangu mwanzo, kwa kuwa jibu lake liko kwenye sahani ya jirani. Swali la pili, ambalo kwa maoni yangu lina uzito mkubwa zaidi katika nchi hii, ni kama dawa ndiyo iliyowafanya bakteria kuwa sugu. Sahani ile isiyoota kitu hulijibu bila ubishi: wale bakteria walikutana na ampisilini ile ile, na hakuna hata mmoja aliyejifunza kuihimili. Usugu ulitoka kwenye DNA, na dawa ikawachuja tu waliokuwa nayo. Sijaona picha wala maelezo ya ubaoni yanayolithibitisha jambo hili kwa uwazi wa sahani hizo mbili zikiwekwa pamoja.

Sahani zikiachwa mpaka baada ya wikendi, pembezoni mwa makoloni makubwa huzuka makoloni madogo madogo. Hayo si bakteria waliogeuzwa. Beta-laktamasi huvuja kutoka kwenye koloni kubwa na kuisafisha dawa iliyo karibu, na waliokosa plasmidi, ambao ampisilini haikuwahi kuwamaliza wote, huota chini ya kivuli hicho. Mwalimu akijiandaa, hata hili huwa somo.

Ufanisi wa jaribio ni mdogo, na mwongozo haufichi. Unamwambia mtumiaji atarajie kati ya makoloni 800 na 7,000 kwa kila maikrogramu ya DNA, ilhali seli za kitaalamu zinazouzwa kwa watafiti, zilizoandaliwa kwa uangalifu na kuhifadhiwa kwenye sentigredi 80 chini ya sifuri, hutoa milioni 100 au zaidi. Sababu ni kwamba hapa bakteria huchotwa moja kwa moja kutoka kwenye sahani bila maandalizi yoyote. Kwa darasa hilo halina madhara. Koloni moja lina mamilioni ya bakteria, na mwanafunzi anapohesabu makoloni machache ya kijani hutambua jinsi tukio hili lilivyo nadra hata linapolazimishwa.

Neno hilo, kulazimishwa, ndilo linalonirudisha kwenye sharti langu. Katika hali ya kawaida ya maabara E. coli hachukui DNA iliyo nje yake. Mwaka 1970, Morton Mandel na Akiko Higa walionyesha kwamba kalsiamu kloridi pamoja na baridi na joto la ghafla humfanya aipokee, na mwaka 1972 Stanley Cohen, Annie Chang na Leslie Hsu wakatumia njia hiyo kumtia plasmidi. Kalsiamu hupunguza nguvu ya chaji hasi zilizoko kwenye DNA na kwenye utando wa nje wa bakteria, ambazo bila hivyo husukumana. Namna hasa mshtuko wa joto unavyoifungulia DNA njia bado wanasayansi wanaijadili. Lililo wazi ni kwamba bakteria hana mchango wowote katika kazi hiyo. Plasmidi hupenya ikiwa nzima, duara lake halijakatika, nyuzi zake zote mbili zikiwapo, kisha hukaa ndani ya seli na kujinakili peke yake bila kugusa kromosomu, yaani DNA kuu ya bakteria.

Sasa mtazame bakteria anayefanya hivi kwa asili. Kipindupindu, ambacho Nairobi tunakifahamu vizuri mno, huletwa na Vibrio cholerae, kiumbe ambaye makazi yake ni maji, na ambaye hupenda kujishikiza kwenye magamba ya viumbe wadogo wa majini. Magamba hayo yametengenezwa kwa kaitini, na mwaka 2005 ilibainika kwamba kaitini ndiyo inayouamsha uwezo wake wa kuchukua DNA. Mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Indiana walifanikiwa kupiga picha za video za tendo lenyewe: bakteria hurusha nje unywele wa protini uitwao pilasi, ambao ni mwembamba zaidi ya mara 10,000 kuliko unywele wa binadamu, ncha ya pilasi hunasa kipande cha DNA kinachoelea, kisha pilasi hurudi ndani na kukivuta kupitia tundu dogo la utando wa nje. Mwanafunzi akiambiwa hili hawezi kulisahau.

Baada ya hapo huja hatua ambazo pGLO haina hata moja kati yake. Ndani ya utando wa nje, protini iitwayo ComEA huishika DNA isirudi nyuma. Protini nyingine, ComEC, ambayo ni mfereji katika utando wa ndani, hupitisha uzi mmoja tu. Uzi wa pili huvunjwavunjwa. Uzi ulioingia hupokelewa na protini zinazoulinda, nazo huukabidhi kwa protini nyingine, RecA, ambayo huutafutia sehemu inayofanana nao kwenye kromosomu. Ukipatikana ufanano, kipande kipya huchukua nafasi ya kile cha zamani na kurithiwa na vizazi vyote vinavyofuata. Usipopatikana, uzi hukatwakatwa na kutumiwa kama malighafi. Kwa sababu hiyo hiyo, plasmidi nzima haiingii kwa urahisi kupitia njia hii ya asili, kwa kuwa huingia ikiwa imekatika na kubaki uzi mmoja. Mwanafunzi anayedhani kwamba bakteria wa mtoni humeza maduara mazima kama alivyoona darasani ameshika mambo kinyume.

Bakteria hawa pia hawafanani wao kwa wao, na hapa somo hunoga. Haemophilus influenzae, ambaye mwaka 1995 alikuwa kiumbe hai wa kwanza anayejitegemea kusomwa jenomu yake yote, yaani DNA yake nzima, hupendelea DNA yenye mfuatano fulani wa besi tisa, na jenomu yake mwenyewe ina nakala karibu 1,500 za mfuatano huo, kwa hiyo kwa kiasi kikubwa huchukua DNA ya ndugu zake. Bakteria wa kisonono, Neisseria gonorrhoeae, naye hutambua alama yake ya besi kumi, tena yuko tayari kuchukua DNA wakati wowote wa maisha yake. Streptococcus pneumoniae, anayeleta nimonia, hachagui DNA, bali huchagua wakati: hutoa kipande kidogo cha protini chenye asidi amino 17, na kiwango chake kikipanda kutokana na wingi wa bakteria au kutokana na dhiki, wote huamka kwa pamoja na kuwa tayari kwa muda mfupi. Waliokwisha kuamka hutoa vimeng'enya vinavyowapasua majirani ambao hawajaamka, na DNA ya majirani hao ndiyo inayovutwa ndani.

Kwa nini wafanye hivyo ni swali ambalo halijafungwa. Mwanabiolojia Rosemary Redfield wa Kanada ametetea kwa miaka mingi kwamba DNA huchukuliwa kwanza kama chakula. Wengine husema ni kwa ajili ya kukarabati kromosomu iliyoharibika, na wengine kwamba faida ni kupata jeni mpya. Mimi huwapa wanafunzi hoja zote tatu na kuwaacha wazipime kwa ushahidi wa ule uzi mmoja unaovunjwa na ule unaohifadhiwa.

Hata historia ya ugunduzi wenyewe imejengwa juu ya bakteria wa nimonia, si juu ya E. coli. Mwaka 1928, Frederick Griffith wa London aliwadunga panya mchanganyiko wa bakteria hai wasio na gamba la sukari, ambao hawana madhara, pamoja na wafu wenye gamba. Panya wakafa, na ndani yao akakuta bakteria hai wenye gamba la aina ya wale wafu. Mwaka 1944, Oswald Avery, Colin MacLeod na Maclyn McCarty wa New York walionyesha kwamba kilichohama ni DNA, kwa sababu vimeng'enya vya kuvunja protini havikuzuia badiliko hilo, ilhali cha kuvunja DNA kilizuia. Watu hawa hawakumtia bakteria kalsiamu wala mshtuko. Alichukua mwenyewe.

Ninalikazia hili kwa sababu linatuhusu moja kwa moja. Kenya ilianza kuwapa watoto chanjo ya nimonia mwaka 2011, ikiwa ni chanjo inayolenga aina 10 za gamba kati ya zaidi ya 90 zinazojulikana, na bakteria huyu anaweza kubadilisha gamba lake kwa kuchukua jeni za gamba la mwingine, jambo lile lile alilolishuhudia Griffith ndani ya panya. Usugu wake dhidi ya penisilini nao haukuja na beta-laktamasi kama ya pGLO. Ulitokana na vipande vya jeni alivyovichukua kutoka kwa jamaa zake wasio na madhara wanaoishi mdomoni na kooni, hasa Streptococcus mitis, vikaingizwa katikati ya jeni zake mwenyewe mpaka protini ambazo penisilini huzilenga zikabadilika umbo. Kwa bakteria wa tumboni kama E. coli mwenyewe, usugu huenea zaidi kwa njia ya tatu, ambapo bakteria wawili hugusana na mmoja kumpitishia mwenzake plasmidi. Wanafunzi wanaotumia pGLO bila kuambiwa hivi huhitimisha kwamba E. coli wa matumbo yetu huokota plasmidi zinazoelea, na sitawalaumu, kwa kuwa ndivyo macho yao yalivyowaonyesha.

Kwa hiyo siku ambayo sahani zinangojewa kuota huitumia yote kwa bakteria wanaojichukulia DNA, nikichora ubaoni seli mbili kando kwa kando, moja ikipokea duara zima na nyingine ikivuta uzi mmoja. Ningefurahi zaidi kama soko lingekuwa na seti ya pili ya kuandamana na hii, na jaribio linalofaa lipo tangu zamani. Mwaka 1958, John Spizizen alichukua Bacillus subtilis 168, bakteria wa udongoni asiyeweza kujitengenezea asidi amino iitwayo triptofani, akampa DNA ya jamaa yake anayeweza, na baadhi yao wakaanza kuota bila kulishwa triptofani. Jaribio la namna hiyo halina ampisilini, halina barafu wala mshtuko wa joto, na DNA anayopewa bakteria ni ya aina yake mwenyewe. Linalohitajika ni kumpata akiwa katika hatua sahihi ya njaa, ambapo sehemu ya seli huwa tayari. Hilo ndilo gumu kwa shule. Walimu walio na uhusiano na idara za biolojia za vyuo vikuu, kwa mfano pale Chiromo katika Chuo Kikuu cha Nairobi, wangeweza kuomba wasaidiwe kuliandaa.

Masuala ya sheria na usalama yasipuuzwe. Bakteria waliotiwa pGLO ni viumbe waliobadilishwa kijenetiki, na shughuli hizo nchini husimamiwa chini ya Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya mwaka 2009; shule iwasiliane na Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia kabla ya kuagiza, si baada ya mzigo kufika. HB101 ni aina dhaifu ya maabara isiyojulikana kuleta ugonjwa, lakini inabeba usugu wa ampisilini baada ya jaribio, kwa hiyo sahani, vitanzi na vichupa vyote huzamishwa kwenye Jik iliyochanganywa na maji kwa kiwango cha asilimia 10 kwa angalau dakika 20 kabla ya kutupwa. Hakuna koloni la kupelekwa nyumbani kuonyeshwa wazazi, hata mwanafunzi akisihi.

Kuhusu gharama, bei hupangwa kwa dola, na juu yake huja usafiri, ushuru na faida ya muuzaji wa hapa, kwa hiyo mwalimu atake hesabu kamili kwa maandishi. Muuzaji niliyenunua kwake alichelewesha mzigo hadi wiki za mitihani, na hakuna aliyepokea simu kutueleza kilichotokea. Tangu hapo huagiza mwanzoni mwa muhula uliotangulia, kisha hutunza vichupa vya bakteria, plasmidi na ampisilini kwenye friji mpaka wakati ufike.

Seti imekusudiwa wanafunzi 32, wanne kwa kila kundi, na madarasa yetu mengi yana zaidi ya 50. Makundi ya watu saba hayafai, kwa kuwa watatu hufanya kazi na wanne hutazama mgongo wa wenzao. Niligawa darasa langu katika vipindi viwili, na kila mwanafunzi akashika kitanzi kwa mkono wake. Kwa shule yenye mikondo mingi, afadhali seti ipewe mkondo mmoja wa wanaochukua biolojia kwa uzito kuliko kuitandaza kwa wote. Shule isiyo na friji ya uhakika wala mwalimu mwenye nafasi ya kumwaga agari siku kadhaa kabla isubiri kwanza. Yenye vyote viwili inunue, na iongeze kwenye oda hiyo hiyo sahani za petri za akiba.